Majani Machungu na Sukari ya Alhamisi

Siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, kitu ambacho mtu aliyeacha kazi hana haja nacho hata kidogo. Asanteni hivyo hivyo. Mkaniomba niwaandikie niliyoyaona katika laboratwari yetu, maabara ya hospitali hapa Kamina. Nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini, hayo mtayasikia kwa wengine, tena kwa sauti kubwa. Mimi nitaandika juu ya mkojo, damu na majani, na juu ya Mwalimu Banza, kwa sababu habari zake bado zinasimuliwa vibaya katika mji huu, na mimi nimechoka kuzisikia.

Nilianza kazi nikiwa na gauni jeupe lililoshonwa na mama yangu, refu mno, la kufagia sakafu. Mkuu wa laboratwari alikuwa Baba Kyungu, mzee mwembamba ambaye miwani yake ilifungwa kwa uzi upande mmoja. Hakunisalimia sana. Alinipa kichupa cha kioo, taa ya spiriti na chupa ya dawa ya bluu.

"Hii mayi ya bluu," alisema, "unatia mukojo kidogo, unachemusha. Ikibakia bluu, muntu anaenda kwake. Ikikuwa kijani, unamuangalia muzuri. Ikikuwa nyekundu sawa tofali, unaita dokta, na unaita mbio."

Hivyo ndivyo tulivyopima sukari wakati ule. Nikachemsha kichupa changu cha kwanza nikikishika wima, moto chini kabisa, jinsi mtu anavyochemsha chai. Kikaruka chote. Mkojo wa mtu nisiyemjua ukanilowanisha kuanzia kifuani hadi magotini. Baba Kyungu hakucheka. Alinipa kitambaa akasema, "Basi, sasa uko wa nyumba." Tangu siku hiyo nimewafundisha wote kukiinamisha kichupa, na ninyi mnaona ni ukali wangu tu.

Alinifundisha mengi: kuzungusha mashine ya damu kwa mkono bila kuitikisa, kunusa dawa ya kupimia na kujua kama joto limeshaiharibu, kuandika majina ya watu vizuri hata kama ni marefu. Lakini jambo alilolirudia mpaka likanikera lilikuwa kuuliza kabla ya kutoboa. "Damu ya kidole inaonyesha paka asubui ya leo," alikuwa akisema, yaani asubuhi ya leo tu. "Kama unataka kujua ya jana, uliza muntu." Alistaafu, akarudi kwao karibu na ziwa kule Sanga, akafia huko. Sikuenda kumzika kwa sababu barabara ilikuwa mbovu na njia haikuwa salama, na jambo hilo bado linaniuma.

Kisha kikaja kile kimashine kidogo cha kutoboa kidole, pamoja na bandeleti zake, vile vikaratasi vya kudondoshea damu. Kliniki ya sukari ikawekwa siku ya Alhamisi. Ee, mngeiona Alhamisi yetu! Walimu, makarani wa reli, wake za askari kutoka Base, kambi ya jeshi, wakulima wachache kutoka vijijini, wote wamevaa kama wanaenda kupokea meza ya Bwana. Mashati yamepigwa pasi, viatu vinang'aa. Watu walisema sukari ni ugonjwa wa waliosoma, na baadhi ya wagonjwa wetu waliugua kwa fahari kidogo. Jina langu lilipotajwa sokoni, waliongeza, "Yule njo anatupimaka," yaani ndiye anayetupima.

Karibu wote walikuwa na majani nyumbani. Kongobololo hasa, yale majani machungu mnayoyajua, lakini pia majani ya mapera, ya maembe, na mizizi ambayo hata muuzaji hakujua jina lake. Waliniletea katika chupa za bia na bidoni za mafuta, ninuse. Moja ilikuwa imechacha mpaka ilifaa zaidi kwa harusi. Msinione kama mtu anayedharau majani. Mama yangu alitunywesha kongobololo kila tumbo liliposokota, na tulipona, au angalau tuliacha kulalamika. Shida yangu ilikuwa moja tu. Kila mtu alichemsha apendavyo, akanywa apendavyo, na hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kwamba yanasaidia au hayasaidii.

Ndipo akaja Dokta Monga. Kijana wa Malemba-Nkulu, ametoka kusoma Lubumbashi, ana haraka ya kutembea na haraka ya kusema. Siku moja aliinusa bidoni mojawapo, akaniuliza:

"Mama Ngoie, haya majani yanafanya kazi?"

"Siyue, Dokta."

"Hakuna mwenye kuyua?"

"Wote banayua. Lakini kila mutu anayua yake."

Akacheka. Wiki iliyofuata akaja na mpango. Tutachuma majani mahali pamoja, tutayakausha kivulini, tutayapima kwenye mizani ya watoto wachanga, tutachemsha kwa maji yale yale na kuchuja. Kila mgonjwa anayekubali atapewa kikombe sawa na mwenzake, asubuhi na jioni, na ataendelea na dawa zake za hospitali bila kuacha hata moja. Kila Alhamisi tunapima sukari. Mwanzoni na mwishoni, dawa za kupimia zikifika kutoka Lubumbashi zikiwa hai, tunapima na kolesteroli, yaani yale mafuta ya ndani ya damu.

Niwaambie ukweli, huo ndio wakati nilioipenda kazi yangu kuliko wakati wowote. Ukumbi wa nyuma ulijaa majani yaliyotandazwa kwenye shuka za hospitali zilizochakaa. Mikono yangu ilikuwa michungu. Nikila mkate, mkate mchungu. Mume wangu alisema hata mto wa kitanda unanuka dawa. Sikujali. Kwa mara ya kwanza tulikuwa tunauliza swali letu wenyewe, juu ya jani letu wenyewe, na jibu lingekuwa letu.

Mtu wa kwanza kuandikishwa alikuwa Mwalimu Banza. Alikuwa amenifundisha mimi darasa la tano, akamfundisha na mume wangu, na nusu ya watu waliokaa kwenye viti vile vya Alhamisi. Alikuwa mzee wa kanisa la Wametodisti, mrefu, mwenye sauti ya kusoma Neno ambayo watoto waliacha kulia kuisikiliza. Alikuwa akijichoma sindano ya insulini kila siku na aliichukia. Si maumivu aliyoyachukia. "Inanifanya mugonjwa mbele ya wajukuu," aliniambia. Majani hayakumfanya mgonjwa. Majani yalikuwa ya nyanya yake.

Sukari yake ikashuka. Alhamisi baada ya Alhamisi ikashuka, na ya wengine pia. Siku moja Mwalimu alifika mikono inatetemeka, jasho usoni, nikampima, sukari iko chini mno, nikambwagia kikombe cha chai ya sukari mdomoni karibu kwa nguvu. Watu wakanong'ona kwa furaha: jani lina nguvu kweli! Dokta Monga akapunguza insulini yake, na mbele ya namba zile daktari yeyote angefanya hivyo.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Dawa za kolesteroli zilipofika nikapima, na mafuta ya damu hayakuwa yametikisika. Sukari imeshuka kama imesukumwa, mafuta yamekaa pale pale kama mwenye nyumba. Nikamwambia Dokta.

"Labda yanaanza na sukari," alisema.

"Labda," nikasema. Alitamani sana. Na mimi nilitamani.

Jumapili moja Mwalimu akasimama kanisani kutoa ushuhuda. Akasema Mungu aliyaweka majani hapa Kamina kabla Wazungu hawajaleta sindano, na kwamba yeye kwa imani anaiweka sindano chini. Kanisa likapiga vigelegele. Mimi nilikaa nimeshika Biblia yangu. Baada ya ibada nikamfuata.

"Mwalimu, Dokta hakusema kuacha. Alisema kupunguza."

"Ngoie, weye mwenyewe unaona hesabu. Hesabu inadanganya?"

"Unakulaka muzuri?"

"Nakulaka bukari na sombe na samaki, sawa siku zote." Ugali, kisamvu na samaki, mlo kamili. Akanipapasa bega kama vile bado nina umri wa darasa la tano. Mazungumzo yakaisha hapo.

Jibu lilikuja mahali nisipolitafuta. Siku ya Jumatano mke wake, Mama Yumba, alikuja laboratwari kuuliza kama kuna dawa ya kizunguzungu.

"Ya nani, Mama?"

"Ya muzee. Tangu juzi hakuli. Anakunywa paka majani na mayi. Kesho shi iko kontroli?"

Kontroli ni kipimo chetu cha Alhamisi. Nikaweka chini nilichoshika. "Hakuli kila mara kabla ya kontroli?"

Akanishangaa. "Mama Ngoie! Bote banafanya vile. Mama wa karani wa reli, bibi ya ajida ku Base, bote. Unaweza kuenda mu egzame bila kujitayarisha?"

Nilikaa. Jamani, nilikaa kwenye kile kiti cha wagonjwa: kwao kipimo kilikuwa mtihani. Tulikuwa tumepima njaa. Wiki zote zile, kwa uangalifu wote ule, kwa mizani ya watoto na shuka za hospitali, tulikuwa tunapima njaa ya watu waliofunga kula ili wasituaibishe. Ijumaa walirudia bukari, sukari ikapanda hadi Jumatatu, na sisi hatukuwepo kuiona. Ndiyo maana siku ile Mwalimu alitetemeka, insulini juu ya tumbo tupu, na ndiyo maana mafuta, ambayo siku mbili za njaa hazitoshi kuyashusha, hayakutikisika.

Mtauliza kwa nini hakuna aliyesema, na sisi tuliwauliza kila Alhamisi. Ninyi ni wa hapa, mnajua. Mtu mzima hapa kwetu akiulizwa kama amekula, anajibu amekula. Akisema hakula, amesema mke wake hapiki na watoto wake wamemtupa. Mwalimu angekubali kukatwa ulimi kabla ya kusema mbele ya viti vyote vya Alhamisi, "Sikukula." Swali la Baba Kyungu lilikuwa zuri, lakini adabu ilikuwa imeshalijibu kabla sijafungua mdomo.

Jioni ile ile, jua halijazama, nikaenda kwake. Alikuwa ameketi ukumbini, viatu miguuni ingawa yuko nyumbani. Nilipiga goti kama inavyotakiwa, kisha nikasema bila kuzunguka.

"Mwalimu, najua kama haukuli mbele ya kontroli."

Akamtazama mke wake, naye akaingia ndani haraka.

"Kula ni mambo ya nyumba yangu," alisema.

"Sukari ni mambo ya damu yako. Rudilia sindano, Mwalimu. Nakuomba."

"Nimesema mbele ya kanisa."

"Mungu hatakasirika."

"Mungu hapana. Bantu." Watu ndio aliowaogopa. "Minyi nilikuwa napiga batoto fimbo juu ya kuangalilia ku karatasi ya mwenzao. Weye unakumbuka. Sasa nikaseme nini? Kama muzee Banza aliiba egzame?"

"Haukuiba. Ulisaidia jani."

"Njo ile. Nililisaidia kidogo tu. Lenyewe linafanya kazi."

Sikumweza. Nililia njiani, hadharani, watu wakinisalimia. Asubuhi nikamwambia Dokta Monga kila kitu. Uso ukambadilika. Hakubisha, na kwa hilo namheshimu hadi leo. Alingoja hadi Jumatatu, akachukua kimashine, tukaenda wote wawili nyumbani kwa Mwalimu mchana, muda mfupi baada ya chakula, bila kumwambia mtu. Mashine haikutoa namba. Iliandika tu kwamba sukari imepita pale inapoweza kuhesabu.

Dokta akapiga magoti. "Mwalimu, vua viatu nikuangalie miguu."

"Viatu viko muzuri."

"Mwalimu."

Mama Yumba ndiye aliyemvua. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa cheusi, na harufu ikatufikia kabla hatujakiona vizuri. Kiatu kilimchubua, hakusikia maumivu maana sukari huutia mguu ganzi, kisha akaficha. Kiatu chenyewe kilikuwa kimepigwa rangi kiking'aa.

Sindano ikarudi siku ile ile, lakini mguu ulikuwa umeshakwenda. Waliukata chini ya goti. Mimi ndiye niliyepima damu yake usiku na mchana, na nilikuwa nikitoka nje kila mara na kurudi nimenawa uso. Najua mnaniita Mama Chuma. Chuma gani!

Dokta Monga alifunga kila kitu. Alimwaga maji ya majani yote nyuma ya jiko, mwenyewe, ndoo baada ya ndoo. Nilimwambia tuanze upya, tupime bila kuwaambia siku, tuwaulize wanawake badala ya wanaume. "Nani atanikubalia sasa, Mama?" aliniuliza. Alihamishiwa mji mwingine na sikumsikia tena.

Mji ukagawanyika. Nusu wakasema majani ya kongobololo ndiyo yaliyomla Mwalimu mguu. Nusu wakasema hapana, jani lilikuwa limeshamponya, ni sindano ya daktari iliyomharibu aliporudishiwa. Hadi leo mtawasikia wote wawili kwenye foleni ya Alhamisi. Wa kwanza wanamcheka mama mkulima na chupa yake. Wa pili wanaacha insulini na kuja kwetu wakibebwa. Na mkiniuliza mimi, niliyechuma, niliyekausha, niliyepima, jibu langu ni lile lile nililompa Dokta siku ya kwanza. Sijui. Huenda jani linashusha sukari kidogo. Huenda halishushi. Tulikuwa na nafasi moja ya kujua, hapa, kwa mikono yetu, na ilitupita. Sikosi usingizi kwa sababu nilinyamaza, maana nilisema. Ninakosa usingizi kwa sababu nilisema na haikusaidia kitu.

Mwalimu naye aliniuliza. Alikuwa bado kitandani hospitalini, shuka imelala tambarare pale mguu ulipokuwa.

"Ngoie, sema kweli. Yale majani yanasaidia?"

"Siyue, Mwalimu."

"Unaweza kuyua?"

"Kwa zile hesabu zetu, hapana."

Aliinyoosha shuka kwa kiganja. "Basi minyi njo niliharibisha," alisema. "Nililipenda jani la nyanya yangu, nikataka lishinde. Sasa hakuna atakayeyua." Nilitaka kumwambia hapana, hakuwa peke yake, wote walifanya. Nikamwambia. Haikumfariji.

Alipoweza kutembea na magongo, aliomba kutoa ushuhuda tena. Jumapili ile kanisa lilijaa. Nilikaa benchi la mbele kwa sababu Mama Yumba aliniomba nimsaidie kumshika akiyumba. Mwalimu akasimama. Sauti ilikuwa ile ile ya kusoma Neno.

"Bandugu, ile siku nilisema Mungu ameniponyesha kwa majani. Leo nataka niseme kweli. Mu nyumba yangu chakula kilikuwa, lakini minyi..."

Mnajua kwetu mzee akianza kujiaibisha kanisani inavyokuwa. Hatuachi aendelee. Ni upendo, hakuna aliyekusudia ubaya. Mama mmoja wa kwaya alianzisha wimbo, polepole, kwaya ikaupokea, kisha kanisa zima likasimama na kupiga makofi ili kumfunika mzee wao. Mwanawe mkubwa alikuwa ameinamisha kichwa, akakiinua, akaimba kwa nguvu kuliko wote. Mchungaji alikwenda kumkumbatia. Mwalimu hakunyamaza. Mdomo wake uliendelea kusema, mishipa ya shingo imemsimama, mkono mmoja umeachilia gongo na kuomba utulivu, na watu wakaona ni mkono wa sifa wakazidi kuimba. Alisema mpaka akamaliza. Kisha akaketi.

Nje ya kanisa walipanga mstari kumpa mkono. "Mwalimu, umeshuhudia muzuri." "Mwalimu, tumebarikiwa."

Aliponifikia, alinishika kiganja akakivuta karibu. "Weye ulisikia?"

"Nilisikia, Mwalimu. Nilikuwa mbele."

"Yote?"

"Yote."

"Basi," alisema, na akaniachia.

Alikufa kabla ya mahindi ya mwaka ule kukomaa. Mazishi yalikuwa makubwa, na kaburini yalisomwa mambo mengi mazuri, kati yao kwamba majani yalimponya kwa imani. Waliokuwa karibu naye waliimba, mimi sikuimba; ndiyo maana mimi pekee niliyasikia maneno yake hadi mwisho, kwa hiyo ninawaandikia ninyi mtakaowapima watu wa mji huu. Wimbo ukiwa juu kabisa, Mwalimu Banza alisema hivi: "Minyi sikukulya. Kila kontroli nilikuwa na njaa, na nilidanganya kama nimeshiba. Mwenye kuwa na sindano asiitupe juu ya kunifuata minyi. Na mwenye kukuwa na njaa, aseme kama iko na njaa, haya ya kusema haiuwi muntu."